Waya wa Chumba cha Nyuma

Kiharusi kilimwachia Mzee Zima Kwanza mkono mmoja, mguu mmoja na neno moja. Mkono ulikuwa wa kushoto, ambao maisha yake yote ulizoea kushikilia tu huku wa kulia ukifanya kazi. Mguu nao wa kushoto. Neno lilikuwa "haya." Kwa nini katika maneno yote aliyowahi kuyasema, na hakuwa mtu wa kubania maneno, lilibaki hilo, hata daktari hakujua. Akishikwa na kiu alisema haya. Akiumwa mgongo, haya. Mpangaji wao wa chumba cha nyuma, mwalimu wa shule ya msingi, alipokuja kumjulia hali na kumuuliza kama anamtambua, alijibiwa haya, na watu wakashangilia kana kwamba mgonjwa kahutubia.

Asubuhi moja neno hilo lilikaribia kumuulia mke.

Kitanda chake walikuwa wamekihamishia chumba cha kati, kikatazamana na mlango wa bafu, ili safari ya kwenda kuogeshwa iwe fupi. Kwa hiyo alimwona vizuri mkewe akiingiza stuli bafuni, akiijaribu kwa mkono kama inayumba, kisha akienda kulitoa sanduku la vifaa chini ya meza ya cherehani. Sanduku hilo halikuwa limefunguliwa kwa miezi minne.

"Usinitolee macho," mkewe alimwambia. "Leo hita hii tutajuana nayo."

"Haya," alisema mzee. Alitaka kusema: wewe mama, una wazimu?

Haikuwa wazimu. Hita ilikuwa imegoma kwa wiki mbili. Na yule mtaalamu wa viungo hospitalini alikuwa amesema bila kuzungukazunguka: maji ya moto asubuhi na jioni, mkono ukandwe, vidole vinyooshwe, la sivyo vitajikunja na vikishazoea havitakunjuka tena. Basi mkewe, mshonaji wa miaka sitini na miwili, akawa anabeba sufuria za maji kutoka jikoni hadi bafuni, mara nne asubuhi, mara nne jioni. Juzi sufuria moja ilimponyoka. Sehemu ya juu ya mguu wa kulia ilifura lengelenge kubwa, na mguu huo ndio anaokanyagia cherehani. Alilia siku hiyo, si kwa maumivu, alisema, bali kwa hasira tu.

Fundi aliitwa. Aliitwa Koleo, mwanafunzi wa zamani wa mzee mwenyewe, sasa fundi mkubwa mwenye gari na vijana wake. "Leo jioni, mama, bila kukosa," alisema Jumatatu. Akasema hivyo hivyo Jumanne. Kufikia Alhamisi mkewe alikuwa anaikata simu kabla "bila kukosa" haijafika mwisho.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema sasa, akipanga bisibisi juu ya taulo kwa ukubwa, kama alivyomwona mumewe akizipanga. "Miaka thelathini na nane nimekaa kwenye cherehani hii nikikusikia ukifundisha. Wanaume kumi na mmoja, wengine vichwa vigumu kama kokoto. Hata mbuzi angekaa humu ndani muda wote huo, leo angekuwa fundi."

Hakukosea. Mzee alikuwa fundi umeme ambaye jina lake la kuzaliwa lilikwisha kusahaulika mtaani. Alikuwa akiingia nyumba ya mtu, hata salamu hajatoa, kauli ya kwanza ni "Zima kwanza!" Watoto wakamwimbia hivyo njiani, wakubwa wakafuata, mwishowe hata barua ya kanisani na mwaliko wa harusi vikaja na jina hilo. Kwake somo lilikuwa moja: zima, pima, ndipo shika. Mwanafunzi aliyeligeuza hata kwa utani alirudishwa kwao na sanduku lake.

Mkewe alichechemea hadi ukutani, akaishusha swichi kubwa ya nyumba. Friji ikanyamaza. Redio ikakatika katikati ya tangazo la sabuni. Akabandika plasta juu ya swichi ili mtu asije akaiwasha, na juu ya plasta akaandika kwa chaki yake ya kushonea: MTU YUMO KAZINI. Akafunga koki ya maji. Akafungua bomba la moto bafuni, maji yaliyobaki yakatiririka hadi yakaisha.

Zima Kwanza alimtazama. Kumbe alikuwa anasikia. Miaka yote hiyo, mashine ikinguruma, pini mdomoni, alikuwa anasikia kila kitu. Alimwonea fahari, akampenda kwa namna ambayo hakuwa amempenda tangu ujana wao, na akawa katika raha hiyo kwa muda mfupi sana, kisha akakumbuka.

Hita haikuwa kwenye swichi ile.

Ilikuwa hivi. Miaka tisa iliyopita nyumba ilijaa wageni, watoto wa ndugu hadi varandani, na boksi la umeme la nyumba likawa linajizima kila hita inapowashwa pamoja na jiko. Boksi lilizidiwa. Dawa yake ilikuwa kuvuta waya mpya mnene na kuongeza swichi, kazi ya siku mbili, na yeye alikuwa na kazi za watu zinamsubiri. Kwa hiyo alipanda darini na tochi, akavuta waya kutoka chumba cha nyuma, ambacho kina boksi lake lenyewe na wakati huo kilikuwa kitupu. Akaupitisha juu ya dari hadi bafuni. Swichi ya ukutani ya hita ilikuwa imeungua, akaipita, akaunganisha moja kwa moja. Maji yakachemka, wageni wakamsifu. Jumapili, alisema moyoni, nitaufumua niurudishe sawasawa. Jumapili hiyo haijafika mpaka leo.

Mwanafunzi wake angefanya hivyo, angemchapa mkanda. Lakini kinyozi hajinyoi. Mwanzoni waya ule ulimwasha moyoni kila alipoingia kuoga, mwaka wa pili ukawa unamkera kidogo, mwaka wa tatu alishausahau. Uongo ukikaa sana nyumbani unageuka kuwa fanicha, mtu anapita kando yake bila kuuona. Chumba cha nyuma kikapata mpangaji, mwalimu. Mwalimu akaanza kulalamika kwamba swichi yake inajizima yenyewe jioni, na Zima Kwanza, kwa uso mkavu kabisa, akamwambia tatizo ni pasi yake. Maskini akanunua pasi mpya.

Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa imezimwa, na waya ulioingia kwenye hita ulikuwa na moto uleule wa siku zote. Mkewe alikuwa anavua ndala, kwa sababu lengelenge halikuruhusu mkanda, na anapanda stuli peku, sakafu ikiwa imelowa.

"Haya!" Mzee alipiga kelele. "Haya! Haya!"

"Haya, haya, nimekusikia," mkewe alijibu kwa kicheko. "Naharakisha. Mwanaume huyu, hata akiwa kitandani lazima asimamie kazi."

Bado kuna kupima, alijiambia. Atapima. Testa itawaka, atashtuka, atashuka. Na kweli mkewe alichukua testa sandukuni, ile bisibisi nyembamba yenye kitaa ndani ya mpini ambacho huwaka ikigusa umeme, akainyanyua ili mumewe aione. "Pima," alitamka kama mtoto anayesoma ubaoni.

Mzee akaitambua testa hiyo. Testa nzima ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake siku alipoanguka kazini kwa watu, na shati lile lilikatwa kwa mkasi hospitalini likapotelea hukohuko. Hii ya sandukuni ilikufa zamani. Kitaa chake kiliungua, lakini ncha yake ilikuwa nzuri mno kwa skrubu ndogo, na fundi gani hutupa ncha nzuri? Aliiweka, akijua mwenyewe kwamba ni bisibisi tu. Yeye isingemdanganya. Kila mara kabla ya kuzima, mkono wake ulikuwa ukipita kwenye soketi yenye umeme na kuigusisha testa, kuona kama inaona. Ni tendo la sekunde moja. Aliwaonyesha wanafunzi, lakini kulisema hakuwahi kulisema, kwa kuwa halikuwa na neno lake katika yale matatu. Aliyekuwa akitazama aliliona. Aliyekuwa amegeukia cherehani, akisikiliza tu, angelijuaje?

Mkewe alifungua kifuniko cha hita, skrubu nne, akazitia mfukoni mwa aproni. Akagusisha testa kwenye vichwa vya waya, kimoja, kisha cha pili. Giza.

"Safi," alisema. "Pima, tumepima."

Mzee alizungusha mkono wake mzima, ukapata glasi ya maji juu ya kiti, akaipiga ikavunjika ukutani.

"Nitafagia baadaye!" Mkewe hata kugeuka hakugeuka. Alikuwa anatafuta bisibisi ya saizi inayofaa, ya kufungulia waya kutoka kwenye koili ya kuchemshia maji. Aliilinganisha ya kwanza kwa macho, ikawa kubwa. Alishuka kuchukua nyingine, polepole, kwa sababu ya mguu. Hizo ndizo zilikuwa sekunde alizopewa mzee.

Akajitupa. Aliuchimbia mguu wa kushoto kwenye godoro, akasukuma, akasukuma tena, nusu ya mwili wake ikakataa kama gunia la mchanga, kisha uzito wenyewe ukamvuta na akaanguka sakafuni kwa bega. Sauti ya mfupa aliisikia kabla ya maumivu.

Mkewe alikuja mbio akichechemea. Akapiga magoti, akamshika kichwa. "Baba watoto! Baba watoto jamani! Umefanya nini?" Nesi alikuwa amewafundisha lugha yao: amshike mkono, aulize, akiminya mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Akaushika mkono. Mzee akangoja swali kwa mwili mzima.

"Umeumia?"

Mara mbili. Hapana, hapana, uliza lingine.

"Umechoka kuishi? Ni hilo? Unataka kuniacha peke yangu humu?"

Mara mbili.

"Unaona aibu mimi kukuogesha? Ndiyo maana hutaki hita ipone?"

Mara mbili, kwa nguvu, hadi mkewe akasema unaniumiza. Akauachia. Alikuwa analia sasa, machozi yakidondokea paji la uso la mumewe, na alijifuta kwa kiwiko. "Basi sijui unataka nini. Miezi minne sijui unataka nini. Kukunyanyua peke yangu siwezi. Lala hapo." Akamwekea mto chini ya kichwa, akamfunika miguu. "Dakika kumi tu. Nikimaliza nitamwita mtu tukupandishe, nikuogeshe maji ya maana, ulale. Dakika kumi, mzee wangu."

"Haya," alisema Zima Kwanza, huku akikataa kwa kila kiungo kilichobaki. Akamwona akirudi.

Kutoka kitandani hadi mlango wa bafu ilikuwa hatua saba. Alikuwa amezihesabu mara nyingi, akiburutwa. Alinyoosha mkono wa kushoto, bega likawaka moto, akashika ukingo wa sakafu palipopasuka saruji, akajivuta. Akasukuma kwa mguu. Kipande cha glasi kilimwingia kiganjani na hakukiondoa. Alikuwa anasali na kutukana kwa pamoja, kimoyomoyo, maana mdomoni kila sala na kila tusi lilitoka kuwa haya. Wanafunzi wake wote aliwafundisha kwamba mtu akinaswa na umeme, usimshike, utanaswa naye, mtakuwa maiti wawili. Alijua hivyo vizuri kuliko mtu yeyote mtaani. Na alijua pia kwamba akifika na kumkuta amenaswa, atamshika.

Mkewe alikuwa juu ya stuli, mkono wa kushoto kwenye bomba ili asiyumbe, wa kulia ukiinua bisibisi. Alikuwa anaimba kidogo, kama anavyoimba anapotunga uzi.

Zima Kwanza alifikia stuli na kumkamata mguu. Ulikuwa mguu wa lengelenge, na ulikuwa ndio karibu, hakuchagua. Mkewe alipiga yowe, bisibisi ikamtoka na kugonga ukuta, akateleza, akajikuta ameketi kwenye sakafu ya maji, mgongo ukutani, mume wake akiwa amelala miguuni mwake.

Aliinua mkono ampige. Alikuwa na haki. Kisha akamwona: damu kiganjani, mstari wa damu uliotoka kitandani hadi hapo, na uso ule. Alikuwa ameujua uso huo kwa hasira, kwa ukaidi, kwa ugonjwa, lakini hakuwahi kuuona umejaa hofu. Mkono ulioinuliwa ulishuka ukashika mkono wa mumewe.

"Hutaki niguse?" alinong'ona.

Mara moja.

"Lakini nimezima."

Mara mbili.

"Nimezima! Friji si hiyo imenyamaza? Na nimepima, umeniona."

Mara mbili. Mara mbili. Mara mbili.

Mkewe alitafuta testa kwa macho. Kisha akainuka kwa kushikilia ukuta, akaokota testa, akaenda hadi kwenye swichi kubwa, akabandua plasta na kuiwasha. Redio ikadakia katikati ya wimbo. Akaichomeka testa kwenye soketi ya redio hiyohiyo, dole gumba juu ya mpini, kama inavyotakiwa. Giza. Akajaribu ya friji. Giza, na friji inanguruma. Alirudi ameishika kwa vidole viwili tu, mkono mwingine ukashika wa mumewe.

"Imekufa," alisema.

Mara moja.

"Na hita inapata umeme kutoka wapi?"

Mzee aliinua mkono, akaonyesha dari, akakitembeza kidole darini hadi ukuta wa nyuma.

"Kwa mwalimu?" Mkewe aliuliza. Alijibiwa mara moja. Alivaa ndala mguu mmoja, akatoka hadi varanda ya nyuma lilipo boksi la mpangaji, akalizima, akaligandisha kwa plasta yote iliyobaki. Aliporudi alizima tena swichi kubwa, kisha akaketi mahali palepale kwenye maji, mbali na hita, akamshika mkono.

"Yaani ile pasi ya mwalimu?"

Mara moja.

"Kijana wa watu akanunua pasi mpya." Alicheka, kicheko kikakatika njiani. "Tangu wale wageni? Mwaka ule?"

Mara moja.

Zima Kwanza alimwona akihesabu. Hakuhesabu kwa vidole, alihesabu kwa macho, akitazama ndoo, kigoda cha plastiki cha watoto, bomba. Alijua anamhesabu nani. Binti yao alikuja kujifungulia hapa. Wajukuu watatu, kila likizo, walifungiwa humo ndani wote kwa pamoja, na kelele zao zilisikika hadi barabarani.

"Wajukuu wangu wameogea humu," mkewe alisema. Hilo halikuwa swali, kwa hiyo hakuwa na namna ya kulijibu. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na yeye alikuwa ameivaa nguo hiyo miaka tisa na kuisifia. "Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia majirani: laleni kwenu kwa wasiwasi, mimi nimeolewa na Zima Kwanza."

Alilia, mzee. Jicho moja lilitoa machozi, lingine lilitazama tu.

Baada ya muda mkewe alimtoa kipande cha glasi kiganjani kwa kibano cha kushonea. Akafunga kitambaa. Alifanya kazi hiyo kwa upole na bila kumtazama, kisha akaushika tena mkono, juu ya kitambaa.

"Kuna kingine?" aliuliza. "Humu ndani. Kuna kingine ulichonificha?"

Angeweza kuminya mara mbili. Soketi ya jikoni ilikuwa nyuma ya kabati, hakuna anayeiona. Taa ya varanda ilikuwa haijaleta shida. Jina lake lilikuwa kitu pekee alichobakiwa nacho chenye pande zote mbili nzima.

Aliminya mara moja.

Mkewe alivuta pumzi ndefu. Akatoa simu mfukoni mwa aproni, zikadondoka skrubu nne, akaziacha. "Sikiliza. Nikimwita Koleo kwa hita tu, atakuja akiona nafasi. Nikimwambia nyumba nzima, atapanda darini, ataona kila kitu, na ana vijana wanne wenye midomo. Kufikia jioni mtaa mzima utajua. Sitakufanyia hivyo bila wewe kukubali. Lakini kama hukubali, sema, niwaambie watoto wasije tena."

Hakumpa mkono. Alimwekea simu sakafuni, jina la Koleo likiwa juu. Zima Kwanza aliitazama. Bega lilikuwa linapiga, maji baridi yalikuwa yamemwingia hadi mbavuni. Alinyoosha kidole, kikateleza, akakinyoosha tena, akabonyeza.

"Mama!" Koleo aliitikia haraka. "Leo jioni, bila kukosa, nilikuwa nataka kukupigia—"

"Njoo sasa hivi," mkewe alisema. "Njoo na mtu wa kunisaidia kumnyanyua mzee, ameumia bega, tumpeleke hospitali. Halafu mkague umeme wa nyumba nzima. Dari, kuta, jikoni, chumba cha nyuma. Hita msiiguse mpaka mpime, na hiyo ya kupimia muipime kwanza."

"Nyumba nzima?" Koleo aliuliza, sauti imeshuka. "Mama, hiyo ni nyumba ya mzee aliyenifundisha. Nani atakagua kazi ya mwalimu wangu? Yeye anajua kwamba unaniita?"

Mkewe alimtazama mumewe pale chini, akamfuta maji usoni kwa pindo la aproni.

"Yeye ndiye anayekuita," alisema.